Wito wa Mwenye Nyumba

“Unaimba ili nani akusikie?” Mwalimu Driciru aliniuliza hivyo siku ya kwanza ya darasa, huku akifuta ubao kwa kipande cha kanga kuukuu. Nilikuwa na digrii, nilikuwa nimefanya kazi ofisini miaka minne, na nilijihesabu kuwa mtu wa kuuliza maswali, si wa kuulizwa. Nikamwambia naimba ili nijisikie mwenyewe. Akaguna, akaandika tarehe ubaoni, akaendelea na kazi. Wiki iliyopita tulimzika Mzee Anguyo, mwenye nyumba wangu wa zamani, kijijini kwake Adumi, na tangu nirudi mjini swali lile limekaa nami mezani kama mgeni asiyejua kuaga. Nimechoka. Viatu vyangu bado vina udongo wa makaburini. Naandika habari za mwaka ule niliokaa nyumbani kwake kwa sababu sasa najua jambo ambalo wakati ule sikulijua, na sidhani kama yupo mwingine atakayeliandika.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Mradi niliokuwa nikiuandikia ripoti ulikuwa umefungwa, nami nikajiandikisha katika chuo kidogo cha walimu wa muziki pale Mvara, mjini Arua. Wenzangu wengi walikuwa wametoka sekondari juzijuzi; waliniita auntie na kunipisha kwenye foleni ya chakula kama mjamzito. Kila mmoja alitakiwa kuchagua somo moja la ziada, na orodha ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi: kinanda, kuongoza kwaya, matamshi ya uimbaji. Kinanda kilijaa siku hiyo hiyo, maana kila kanisa linatafuta mpiga kinanda. Kuongoza kwaya nako kulijaa. Chini ya matamshi palikuwa na majina mawili tu. Nilisimama pale mpaka karani akaniuliza kama nimepotea. Baadaye nimewaambia watu kwamba nilichagua matamshi kwa kupenda lugha, na si kweli. Sikutaka uzito wa vidole vyangu uonekane mbele ya watoto wa miaka kumi na minane. Hiyo ni sababu ya kwanza. Ya pili ni kwamba kwa miaka minne nilikuwa nimeandika ripoti ambazo hakuna aliyezisoma mpaka mwisho, na nilitaka kujua kama ipo namna ya kulisema neno likafika lilikotumwa.

Mwisho wa wiki ile nilikwenda kwetu Koboko, nikaipeleka habari kwa mama mdogo Zaina. Alikuwa amekaa kwenye mkeka sebuleni, birika la chai ya tangawizi mbele yake, na mumewe, mwanajeshi mstaafu, alikuwa akisikiliza redio iliyokuwa ikikwaruza.

“Shule iko nafundisha nini?” mama mdogo akauliza.

“Matamshi. Namna ya kutamka maneno unapoimba.”

“Kwani sasa wewe nasema kama bubu?”

Mumewe akapunguza sauti ya redio. “Jeshini sisi naimba kila asubuhi, mwalimu hapana. Kama wewe nameza neno, sajini nakupa kiboko, kesho neno natoka yenyewe.”

“Digrii iko,” mama mdogo akasema, akinihesabia kwa vidole, “kazi hapana, bwana hapana, sasa iko nenda kulipa watu wakuonyeshe kufungua mudomo.” Wakacheka mpaka chai ikamwagika kwenye mkeka. Nami nilicheka, kwa sababu sikuwa na hoja ya kuwashinda. Hata mimi sikuwa na hakika kama walikosea.

Darasa letu lilikuwa la watu watatu na mwalimu. Lilikuwa na dirisha moja, na upande wa pili wa ukuta palikuwa na stoo ya madawati yaliyovunjika. Kazi ilifanyika hivi: mmoja aliingia stoo na daftari, mlango ukafungwa, na mwingine akaimba upande huu. Aliyeko stoo aliandika alichosikia, si alichodhani. Kisha tulisoma daftari. Mwalimu Driciru alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na hakusifia sauti ya mtu hata siku moja. “Kilichoandikwa stoo ndicho ulichoimba,” alisema. “Hicho kingine ulikiota.” Tulijifunza kukata konsonanti bila kuipiga kofi, kuibeba irabu mpaka mwisho wa noti, na kuchora mstari mdogo wa penseli pale pa kuvuta pumzi. Wiki za kwanza daftari langu la stoo lilikuwa kurasa za mapengo. Mtu mzima niliyeheshimika ofisini, sentensi yangu haikuweza kuvuka ukuta wa tofali moja. Nilirudi nyumbani mgongo unauma, kama niliyeshinda shambani, nikijiuliza kama haya nayo si upuuzi mwingine wenye cheti mwishoni.

Nyumbani ilikuwa kwa Mzee Anguyo, nyuma ya shule za misheni. Maisha yake yote ya kazi alikuwa dereva wa greda wa idara ya barabara, akipeleka taarifa zake ofisini Arua Hill kila Ijumaa, na alipostaafu alijenga nyumba ya vyumba vitatu, akanipangisha kimoja. Ukuta kati ya chumba changu na sebule yao haukufika darini, kwa hiyo niliishi ndani ya mazungumzo yao. Mkewe, Mama Asea, alinihesabu katika chungu tangu juma la kwanza: enyasa, ule ugali mweusi wa muhogo na mtama, pamoja na majani ya kunde yaliyoungwa kwa simsim. Mzee aliniita Koboko, kama vile mji mzima ulikuwa umehamia kwake. “Koboko, leo wamekufundisha herufi gani?” Nikimwambia ni irabu ya u, alijibu, “Mimi hiyo najua tangu kuzaliwa,” akaendelea kula.

Kila siku baada ya chakula cha mchana alikwenda kunywa kwete, pombe ya mahindi, kwa Mama Rose, nyumba ya tatu kutoka kwetu, karibu kiasi kwamba ukipiga chafya kwetu walikuambia pole kutoka kule. Saa kumi alirudi, na akifika langoni alisimama, akaweka mkono mmoja kwenye nguzo, akapiga cere yake. Cere ni wito wa mtu mmoja. Wazee wa Kilugbara bado wanazo: sauti nyembamba ya juu sana, ndefu, ndani yake kuna maneno machache ambayo mwenyewe aliyachagua ujanani. Siyaandiki hapa, si yangu. Kwa sikio langu la Koboko yalikuwa kitu cha ajabu: mwanamume wa miaka sabini na ushei, mlevi kidogo, mwenye sauti ya changarawe, ghafla anatoa irabu safi kuliko zote nilizosikia chuoni. Konsonanti alizimeza, kwa sababu ya kwete na meno yaliyopungua, lakini irabu zilikaa hewani kama nguo kwenye kamba. Nilimwuliza Mama Asea kama naweza kujifunza. Alikuwa akichambua mboga. “Ile iko yake,” alisema. “Mutu mwingine hapana piga.” Nikauliza kwa nini. “Kwa sababu ni yake.” Nikaona jibu limejizungusha, na mimi majibu ya namna hiyo nilikuwa nimeapa kutoyakubali. Nilimchukulia Mzee kama mtu asiyetaka kikombe chake kinywewe na mgeni.

Jioni moja niliwasikia kupitia juu ya ukuta. Mama Asea alikuwa akimsihi ampigie simu mtoto wao. Asea, mwana wao pekee, alikuwa na duka la vipuri Kampala, na miaka sita hakuwa amekanyaga Arua. Waligombana juu ya cere hiyo hiyo: kanisa analosali lilimfundisha kwamba ni kuita mizimu, naye akamwambia baba yake uso kwa uso kwamba siku ikifika hataipiga.

“Pigia yeye simu,” Mama Asea alisema.

“Namba yake sina.”

“Mimi ninayo.”

“Mimi hapana taka namba. Yeye najua njia.”

Nikasikia kijiko kikigonga sahani. Kisha Mama Asea akasema polepole, “Sasa siku hiyo nani atakuitia?”

“Hakuna. Mimi nitaenda kama kuku.”

Niliyasikia maneno hayo wazi, kila irabu mahali pake. Yangekuwa yameimbwa darasani ningeyaandika yote bila pengo. Lakini sikuyaelewa, na siku hiyo, ajabu, sikuuliza.

Muhula wa pili Mwalimu Driciru akatupa zoezi la mwisho wa mwaka. Kila mmoja alete kitu kimoja cha kuimba kutoka mahali anapoishi, kisiwe cha kanisani, na atakayekaa stoo ni mgeni asiyejua chochote. Sikumwambia nilichochagua. Nilitaka kumshangaza. Kwa wiki tatu, saa kumi, nilikaa nyuma ya dirisha na daftari mapajani, nikaandika cere ya Mzee neno kwa neno, nikairudishia konsonanti alizozimeza, nikaweka mistari yangu ya penseli mahali pa kupumzika, kwa sababu yeye aliipiga yote kwa pumzi moja nami sikuweza. Nilijizoeza kwa kunong’ona, kitambaa mdomoni. Jumamosi moja Mama Asea alikuwa shambani Adumi, na Mzee alikwenda mapema kwa Mama Rose. Saa tano asubuhi nilisimama katikati ya ua, nikaielekeza sauti kwenye ukuta wa jikoni, nikaipiga cere mara tatu, kwa nguvu zangu zote, kwa matamshi bora kuliko yote niliyowahi kutoa maishani.

Mara ya tatu ilipokwisha, kuku walikuwa wamenyamaza. Kisha nyumba ya pili mwanamke akapiga yowe. Mwingine akalipokea upande wa barabara. Majirani walikuja mikono kichwani, mmoja na unga bado kwenye viganja, wakanipita kama vile mimi ni kigingi, wakaingia sebuleni kumtafuta maiti. “Asea yuko wapi?” waliniuliza. “Asea amefika saa ngapi? Mzee amelazwa wapi?” Ndipo mtu mmoja, fundi baiskeli wa jirani, akanieleza kile ambacho Mama Asea aliona hakihitaji maelezo. Cere ya mtu haipigwi na mwingine maadamu mwenyewe anapumua. Akifa, kabla hajazikwa mrithi wake husimama mlangoni na kuipiga, wakati huo tu, na kila anayeisikia hujua. Wangesikia sauti ya kilevi yenye kumeza maneno, wangejua ni Mzee mwenyewe kawahi kurudi. Walisikia kila neno, safi, kwa sauti ambayo si yake. Hawakuwa na sababu ya kudhani kingine. Nilitaka kuwaambia ni mimi, na mdomo niliokuwa nikiulipia karo haukufunguka.

Mzee Anguyo alifika karibu saa sita, akitembea vizuri tu, akipangusa masharubu kwa kiganja. Ua ulikuwa umejaa. Alisimama langoni, mkono kwenye nguzo.

“Nani amekufa?”

Bibi mmoja mwenye fimbo akasema, “Wewe.”

“Lini?”

“Saa tano.”

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa basi limeondoka. “Basi chakula kiko?”

Wengine walicheka, wengine wakalia zaidi. Mama Asea aliletwa kwa boda kutoka Adumi, nguo imefunguka, sauti imekwisha njiani, na alipomwona mumewe kwenye kiti alivua kitambaa chake cha kichwa, akampiga nacho mabegani, mara nyingi, mpaka akachoka akakaa chini. Mimi ndipo nilipojitokeza na daftari mkononi. Mzee alilitazama daftari.

“Koboko. Nani nakufundisha?”

“Ni wewe, Mzee. Kila siku saa kumi.”

Nilisubiri matusi, na nadhani ningeyapokea kwa shukrani. Hayakuja.

Jumapili asubuhi Asea akaingia. Alikuwa amesafiri kwa basi la usiku kucha, shuka jeupe jipya limekunjwa kwapani, macho yamevimba. Baba yake alikuwa barazani na kikombe cha chai.

“Umekuja kuzika?”

Asea akaegemea nguzo ya lango, mahali palepale. “Nimekuja, baba. Kuna mwanamke alinipigia simu. Alikuwa analia, hata jina sikulishika.”

“Basi kaa. Maiti nakunywa chai, ngoja imalize.”

Akakaa. Mama Asea akamletea sahani ya enyasa akiwa hajanawa uso, na wote watatu wakala, shuka lile jeupe likiwa kwenye benchi kati yao. Mimi nilikuwa chumbani nikiwasikia wakitafuna. Asea alikaa siku tano.

Wazee wa ukoo walikuja kutoka Adumi Jumanne. Kupitia juu ya ukuta niliwasikia wakinijadili kama ufa wa nyumba. Mmoja alisema kitendo kama kile humvutia mtu kifo chake. Mwingine akasema, “Mutu hapana kufa mara mbili.” Mzee akamjibu, “Mimi nitajaribu.” Mwishowe waliamua nilete kondoo, na nihame. Nilitazamia Mzee anitetee, hata kwa mzaha, lakini alisema tu, “Mwisho ya mwezi, Koboko.” Nilimpata kondoo kwa msaada wa mama mdogo Zaina, ambaye safari hii hakucheka. Alisema, “Sasa umejua kutamka,” akaniwekea chai.

Siku moja kabla ya kurudi Kampala, Asea alibisha mlangoni kwangu. Alisimama nje, kwa adabu.

“Dada, ile kitu uliyopiga. Umeiandika?”

Nikamwonyesha ukurasa. Aliusoma akisogeza midomo. “Mimi nimeisikia tangu mtoto,” alisema, “lakini maneno yake sikuwahi kuyajua. Alikuwa anameza.” Akauliza mistari ya penseli ni ya nini. Nikamwambia ni mahali pa kuvuta pumzi. “Usifikiri nitaipiga,” alisema. Nikamwambia sifikiri lolote. Akauchana ukurasa kwa uangalifu, akaukunja mara nne, akautia mfukoni mwa shati.

Mwisho wa mwaka niliimba wimbo wa kulaza watoto wa Koboko. Mgeni aliyekaa stoo aliandika karibu maneno yote. Mwalimu Driciru, ambaye habari zilikuwa zimemfikia kama zilivyoufikia mji mzima, alisema, “Huu umefika. Ule wa Jumamosi ulifika zaidi.” Sikujua kama ni lawama. Cheti nilikipata, kiko sandukuni. Sikuwa mwalimu wa uimbaji. Nilirudi kwenye miradi na ripoti, na miaka tisa hii kila nilipopita Mvara nilizunguka njia ya juu nisilione lango lile. Nilibeba kwamba nilimtangazia mtu kifo chake, nikamdhalilisha mbele ya majirani, kwa sababu nilidhani jibu fupi ni jibu la mjinga. Asea, nilisikia, alianza kuja kila Krismasi. Hilo sikulihesabu upande wangu.

Wiki iliyopita Asea alinipigia simu mwenyewe, kunieleza kwamba baba yake amefariki. Nilifika Adumi wakati watu wamekwisha kukaa, nikasimama nyuma, karibu na shamba la muhogo. Asea alitoka, akasimama mlangoni pa nyumba ya baba yake, shati jeupe, nywele zimeingia mvi. Alitazama chini kidogo. Kisha akaipiga. Hakumeza konsonanti hata moja. Katikati, pale ambapo Mzee hakuwahi kupumzika maisha yake yote, alivuta pumzi, kwenye mstari wangu wa penseli. Wanawake waliokuwa mbali, kisimani, wakaitikia kwa yowe.

Baadaye nilikaa jikoni kumenya muhogo pamoja na Mama Rose, ambaye sasa ni mzee na haoni vizuri. Nikamwomba msamaha kwa siku ile ya Jumamosi, kwa kuwa sikuwahi kuwaomba majirani. Akaacha kisu.

“Wewe hujui?” akasema. “Siku hiyo yeye iko kwangu, amekaa pale kwa benchi. Sauti ikakuja, sisi wote tukamwangalia. Akasikiliza mpaka ya tatu. Akasema, huyu mutoto anasema vizuri. Halafu akaniambia, Mama Rose, toa simu, pigia Asea, mwambie nimekufa. Na ulie.”

Nilimwuliza namba aliipata wapi. Akasema Mzee aliitaja mwenyewe, kwa kichwa, tarakimu moja moja, bila kukosea, kisha akaomba kikombe kingine.